Kushikiza Shokomzoba Katika Lori Kuukuu

Lori la Chevrolet la mwaka 1949 lilikuwa na shokomzoba za mkono. Zile za bomba zilianza mwaka 1950. Basi ukitaka kulifunga za bomba, yakupasa kutengeneza vishikio vipya.

Usikimbilie kuchomelea! Lori na lisimame juu ya magurudumu yake, na uzito wake wa kawaida. Katika hali hiyo shokomzoba iwe karibu katikati ya mwendo wake. Kisha inua ekseli mpaka iguse mpira wa kizuizi. Je, shokomzoba imefika mwisho kabla ya mpira? Basi shimo moja barabarani laweza kung'oa kishikio pamoja na kipande cha fremu. Mimi nimekwisha kuona. Kishikize kwanza kwa vidoto vidogo vya moto, upime tena, ndipo uchomelee.