Mti Mgumu wa Kupanda Uani



Nimeombwa niongee juu ya mti wa sida, ule Wakikuyu wanauita mutarakwa. Kikundi kimoja kinataka kutoa pesa za mchango kununua miche yake kutoka bara, maana wamesikia ni mti mgumu, ukishashika hauna kazi. Ni kweli, na posti zake mchwa haziwezi. Lakini kwao ni milimani penye baridi na ukungu: Aberdare, Mau, Mlima Kenya, hata Kulal kule Marsabit. Hupenda mita 1,500 kwenda juu. Garissa mjini tuko kama mita 150 tu, na mvua ni milimita 300 hivi kwa mwaka, ikitaka kuja. Tafadhali, hizo pesa zibaki kwa mweka hazina.

Mimi ningepanda mkunazi. Wasomali wanauita gob, na wote tunaujua. Mzizi wake unashuka chini sana kutafuta maji, majani ni chakula cha mbuzi, matawi ya miiba ni ua, na kunazi watoto wanakula na nyingine zinauzwa sokoni. Gonga kokwa polepole lipasuke, usiumize mbegu ya ndani, itaota haraka. Mche usikae kwenye karatasi mpaka mzizi ujikunje. Uhamishe ungali mdogo, mvua ya gu au ya deyr ikianza.

Mwarobaini pia ni mzuri kwa kivuli. Mbegu yake haikai. Okota tunda la manjano, toa nyama, panda ndani ya wiki mbili. Usiupande bondeni ambapo maji ya Tana yanalala, mizizi itaoza. Na mama anayetaka ua wa kumpa senti kidogo, achukue vijiti vya mhina.

Sasa, "hauna kazi" msinielewe vibaya. Mwaka wa kwanza kazi ipo! Kwanza ua wa miiba, kabla ya mche, maana mbuzi hangoji mkutano. Chimba shimo pana, acha bakuli la kukusanya maji, funika udongo kwa nyasi kavu. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha, mara mbili kwa wiki. Anayebeba mtungi kutoka mtoni ni mama, kwa hiyo mama ndiye aseme ni miche mingapi. Mitano iliyo hai ni bora kuliko hamsini ya kupigwa picha na wafadhili.

Kuna mti mmoja ambao kweli hauna kazi kabisa: mathenge. Uliletwa Kenya mwaka 1973, Mombasa, kufunika machimbo ya mawe ya saruji, na miaka ya themanini ukapandwa Bura, hapa jirani. Ulisifiwa vilevile, kwamba haufi kwa kiangazi. Leo umeziba njia za mifugo kwenda mtoni, miba yake inatoboa hata tairi, na maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi. Watu wa Baringo walienda mahakamani kwa ajili yake mwaka 2006. Basi mtu akija na mche mgeni, muulizeni kwanza: tukiuchoka, unaondokaje?

Kunazi zinaiva sasa. Kila mwanakikundi alete kokwa kumi mkutano ujao, na nyundo moja inatosha.