Ubao wa Solfa: Neno kwa Wanakwaya katika Yubile

Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, wageni wetu kutoka Naivasha mjini, Karagita na Kongoni, na ninyi wanakwaya wenye sherehe: hongereni kwa miaka 25.

Nimeombwa niseme juu ya elimu ya Kikristo ya jadi katika maisha ya leo. Wengi wakisikia hivyo huwaza Kilatini na shule za mbali. Mimi nawaza ule ubao mweusi wa mazoezi, wenye d r m f s l t.

Herufi hizo zina ukoo mrefu. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alitaka waimbaji waweze kusoma wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Alichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo wa Kilatini wa Yohana Mbatizaji, akazifanya majina ya sauti. Katika karne ya 19, huko Uingereza, mwalimu Sarah Glover na baadaye mchungaji John Curwen waliurahisisha mpango huo, ukawafikia watoto wa shule za Jumapili na watu wasio na uwezo wa kununua kinanda. Wamisionari wakauleta Afrika. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, alitunga wimbo kwa solfa. Sauti yake ndiyo Watanzania wanayoimba leo katika wimbo wa taifa. Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu tu. Augustino, mtoto wa Afrika Kaskazini, aliandika vitabu 6 juu ya muziki, zamani hizo muziki ukifundishwa pamoja na hesabu, jiometri na elimu ya nyota.

Sasa turudi Kamere. Sisi tuliletwa hapa na mashamba ya maua: Mluo, Mluhya, Mkisii, Mkikuyu, Mkamba. Tulisimama mbele ya ubao mmoja, na fa ilikuwa fa kwa kila mtu. Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Naivasha, majirani walitengwa kwa kabila na wengine walikimbia na watoto mgongoni. Kwaya haikuweza kuzuia panga, na nisidai hivyo. Lakini mazoezi yalipoanza tena, besi ilibidi imngojee teno, hata kama wenye sauti hizo walikuwa bado hawajasalimiana vizuri.

Leo vijana wanajifunza wimbo kwa simu. Siwalaumu. Mtu aliyesimama shambani tangu asubuhi, na maua ya Valentine yakimwongezea saa za kazi, atapata wapi nguvu ya ubao? Tena simu hufundisha haraka. Shida ni kwamba wote wanashika sauti ya kwanza, sauti nyingine zinabaki za kubahatisha, na tunaimba tu kile ambacho wengine wameshaimba.

Nalia zaidi na nyimbo zetu wenyewe. Tumetunga nyingi, zilizoandikwa ni ngapi? Mkataba wa mtunzi ukiisha, anapakia godoro na sufuria zake kwenye matatu, na teno ya wimbo ule inaondoka naye. Kuna wimbo wa Pasaka ambao wazee hapa mnaukumbuka kiitikio chake, lakini beti zake hakuna aliyebaki nazo.

Kinanda kibaki, na simu zibaki. Ninachoomba ni nusu saa ya ubao kila Jumamosi kabla ya mazoezi, na watoto wa shule ya Jumapili wakaribishwe mbele. Walimu wa solfa bado tunao watatu. Daftari la kurasa 200 nimelileta, liko kwa katibu. Tuanze kuandika nyimbo zetu kabla ya msimu wa Februari, maana ukishafika, mnajua wenyewe, hata kuonana ni shida.