Kupimwa Matiti: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kupanga Foleni



Kila ifikapo Oktoba, mahema ya upimaji wa saratani ya matiti huonekana viwanjani na katika vituo vya afya. Twazipongeza juhudi hizo. Hata hivyo, tukiwa wasimamizi wa huduma, tunao wajibu wa kusema wazi kwamba kupimwa peke yake hakuokoi maisha. Kinachookoa ni safari nzima, tangu kupimwa hadi tiba kukamilika.

Ushahidi upo. Huko Shanghai, China, wanawake wapatao 266,000 walifuatiliwa kwa takribani miaka 10, nusu yao wakiwa wamefundishwa kujipapasa matiti kwa utaratibu maalumu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Waliofundishwa walikatwa vinyama vingi zaidi vya uchunguzi ambavyo havikuwa na saratani.

Huko Mumbai, India, utafiti uliohusisha wanawake wapatao 151,000 ulitumia wahudumu wa afya waliofunzwa kupima matiti kwa mkono kila baada ya miaka miwili. Waliokutwa na dalili walipewa rufaa hospitalini. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba, miongoni mwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo, manufaa hayo hayakuthibitika.

Basi, hata pale ambapo eksirei ya matiti ni adimu, mkono uliofunzwa una thamani, mradi nyuma yake ipo hospitali.

Kwa hiyo, kabla ya kupimwa, ulizeni:

1. Anayepima amesomea kazi hiyo?
2. Dalili ikionekana, nitapelekwa hospitali gani, na lini? Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uthibitishwe ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni.
3. Gharama ya kipimo cha kinyama na ya tiba italipwa na nani?

Asiyeweza kujibu maswali haya amewaletea nusu ya huduma.

Jihadharini pia na matangazo ya vifaa vinavyopima joto la matiti, yanayodai kwamba vinatosha badala ya eksirei. Havijathibitishwa kufanya kazi hiyo.

Tusieleweke kwamba mwanamke asiyajue matiti yake. Akiona uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, aende kituoni bila kusubiri Oktoba, hata kama mwezi uliopita aliambiwa yu salama. Majibu mazuri ya jana hayafuti dalili ya leo.

Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki ya kila anayehudumiwa.