Posho ya Nyumba Haijazi Sufuria: Familia za Wanajeshi wa Marekani na Msaada wa Chakula



Hakuna nchi inayotumia fedha nyingi kwa jeshi kuliko Marekani. Hata hivyo, mwaka 2022 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba asilimia 24 ya wanajeshi walio kazini walipata shida ya chakula mwaka 2020. Wanaoumia zaidi ni askari wa vyeo vya chini wenye watoto. Na wapo wenzetu wasemao Kiswahili humo. Mpango wa kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha, ulioendeshwa kati ya 2009 na 2016, ulikuwa na Kiswahili katika orodha yake.

Msaada mkubwa wa chakula nchini humo ni SNAP, ambao wengi bado wanauita stempu za chakula. Siku hizi fedha huwekwa kwenye kadi, na kadi hiyo hupokelewa hata katika maduka ya kambini. Kwa kanuni ya msingi, kipato cha familia kabla ya makato kisizidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini, ingawa baadhi ya majimbo yamepandisha kikomo hicho.

Naomba tupige hesabu pamoja. Mwanzoni mwa 2024, askari wa daraja la E-3, mojawapo ya vyeo vya chini, mwenye utumishi wa chini ya miaka miwili alilipwa mshahara wa msingi wa dola 2,377 kwa mwezi. Ongeza posho ya chakula, dola 460, zinakuwa 2,837. Kama ana mke na watoto wawili, kikomo cha familia ya watu wanne kilikuwa dola 3,250. Yumo ndani, tena kwa zaidi ya dola 400. Lakini anaishi nje ya kambi, kwa hiyo anapewa posho ya nyumba. Posho hiyo nayo inahesabiwa kuwa kipato, na hata katika miji ya bei nafuu inazidi kwa mbali nafasi iliyobaki. Kwa kanuni ya msingi, familia inakataliwa. Posho yenyewe imeshakwenda kwa mwenye nyumba. Haikununua hata kilo moja ya mchele.

Hapa ndipo penye dhuluma, na natumia neno hilo kwa makusudi. Mamlaka ya kodi haiitozi kodi posho hiyo. Utaratibu wa chakula cha shuleni hauihesabu kwa familia zinazoishi katika nyumba za jeshi zilizobinafsishwa. WIC, mpango wa lishe kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka mitano, unayaachia majimbo uamuzi wa kutoihesabu. SNAP inaihesabu. Serikali ni moja, familia ni ile ile, majibu yanatofautiana.

Kibaya zaidi ni kilichotokea baada ya sheria ya 1996 iliyofungua mlango wa kubinafsisha makazi ya jeshi. Askari anayekaa katika nyumba ya serikali hapewi posho hiyo, hivyo hakuna cha kuhesabiwa. Nyumba ikishakabidhiwa kwa kampuni binafsi, posho huandikwa kwenye hati yake ya mshahara na kwa kawaida huishia kwa kampuni. Kuta hazikubadilika, mfuko haukujaa, ila kwenye karatasi ametajirika.

Bunge halikukaa kimya kabisa. Mwaka 2001 ilianza posho maalumu ya kuziondoa familia za askari kwenye stempu za chakula. Ilikuwa lazima kuiomba kupitia wakubwa wa askari mwenyewe. Ni kijana gani anayetafuta cheo atakayekwenda kumwambia kamanda wake kwamba watoto wanalala na njaa? Walioiomba walikuwa wachache, na ndani ya Marekani ilifutwa 2016. Januari 2023 ikaja Posho ya Mahitaji ya Msingi. Kikomo chake kilianza asilimia 130 ya kiwango cha umaskini, kikapanda hadi 150, na sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2025 ikakifikisha 200. Lakini nayo ilianza kwa kuihesabu posho ya nyumba, isipokuwa pale wizara ilipoamua vinginevyo kwa maeneo yenye gharama kubwa.

Mshahara wa vyeo vya chini uliongezwa kwa asilimia 14.5 mwaka 2025, na hilo nalishukuru. Ila nyongeza haimtafutii kazi mke aliyeacha yake kwa sababu mume kahamishwa kituo tena, wala haimpatii mahali pa kumwacha mtoto.

Seneta Tammy Duckworth, aliyepoteza miguu yote miwili vitani Iraq mwaka 2004 na ambaye familia yake iliwahi kuishi kwa stempu za chakula, amelipigania suala hili kwa miaka. Pendekezo langu kwa semina ni kuunga mkono dai moja: posho ya nyumba iondolewe kwenye hesabu ya SNAP. Wakati tukisubiri, ninyi mnaozihudumia familia hizi zianzishieni WIC, kwa kuwa kikomo chake ni asilimia 185 ya kiwango cha umaskini. Mwende na hati ya mshahara mkononi, na muulize wazi kama jimbo hilo huitoa posho ya nyumba. Familia iliyokataliwa SNAP ikihamishiwa jimbo jingine, iombe upya, kwa kuwa kikomo hutofautiana kati ya majimbo.