Kazi ya Mbali: Miezi Saba Jambiani na Minne Mahongole

Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa wanafunzi waliosoma shuleni hapa



Nimeombwa na Kamati niseme machache juu ya kazi na maisha baada ya shule. Desturi ya mzungumzaji katika siku kama hii ni kuwahimiza vijana wasome kwa bidii, kisha akaketi akapigiwa makofi. Nami nawahimiza msome kwa bidii. Lakini yako mambo yaliyonipata mwenyewe mwaka 2024 ambayo nadhani yatawafaa zaidi kuliko nasaha za jumla, maana najua mmekwisha kuyasikia nusu nusu katika simu.

Mmeziona picha. Kijana ameketi chini ya mnazi, kompyuta mapajani, bahari mbele yake. Nyingi za picha hizo hupigwa Thailand, katika visiwa kama Koh Phangan, ambako watu wa Ulaya na Marekani hukaa miezi na miezi wakifanya kazi za kampuni za kwao kwa njia ya intaneti. Serikali ya Thailand imewafungulia mlango: Julai 2024 ilianzisha viza maalumu ya miaka 5, inayomruhusu mwenye nayo kukaa siku 180 kila aingiapo. Lakini sharti mwombaji aonyeshe kwamba ana akiba ya baht 500,000. Habari hiyo ya akiba haimo katika picha.

Mimi sikufika Thailand. Nilifika Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwendo wa saa 2 hivi kwa boti kutoka Dar es Salaam na safari ya gari baada ya hapo. Maji yale ni yale, na minazi ni ile ile.

Ilitokea hivi. Mimi ni mtakwimu, mtumishi wa Serikali mjini Dodoma. Mwanzoni mwa 2024 nilipata mkataba na watafiti walioko Toronto, Kanada. Walikuwa na maelfu ya madodoso waliyojaza wakulima wa Afrika Mashariki, na walitaka mtu ajuaye Kiswahili na takwimu ayapitie, asahihishe makosa na kuyapanga. Niliomba likizo bila malipo ya mwaka mmoja, nikapewa. Kazi yote ilikuwa ndani ya kompyuta. Ningeweza kuifanyia Dodoma, au Mbeya, au hapa. Nilichagua Jambiani, na mkiniuliza kwa nini, nitasema kweli: ni kwa sababu ya ile picha.

Nilifika Machi. Nikapanga chumba kwa mama mmoja mkulima wa mwani. Siku za kwanza nilifurahi sana, wala sitawadanganya kwamba sikufurahi. Mtu aliyekulia katika baridi ya Julai ya huku kwetu, akioga maji ya mtungi kabla ya kengele ya asubuhi, akifika mahali ambapo usiku wa manane unatoka nje na shati jepesi, moyo wake hufunguka.

Kisha kazi ikaanza. Saa 3 asubuhi ya Toronto ni saa 10 alasiri ya huku. Wenzangu walipofika ofisini, mimi jua lilikuwa linateremka. Walipofunga ofisi, kwangu ilikuwa saa 6 usiku. Ile bahari ya picha nikawa naiona mchana nikiwa na usingizi. Joto liliichemsha kompyuta, na chumvi ya upepo ikala vitufe vyake. Chini ya mnazi sikukaa hata siku moja kufanya kazi: jua halikuniruhusu kuona maandishi, na aliyezaliwa pwani atakwambia kwamba chini ya mnazi si mahali pa kuketi bila kutazama juu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora nchi nzima, na katika nchi jirani pia. Mikonga miwili ya mawasiliano ilikuwa imekatika chini ya bahari, upande wa Afrika Kusini. Nilikuwa na kazi ya kukabidhi Jumatatu. Niliikabidhi siku kadhaa baadaye, na fedha ya siku hizo haikulipwa, kwa sababu mkataba wangu ulilipa kazi iliyofika tu. Nilipomlalamikia mama mwenye nyumba, alicheka. Akanikumbusha kwamba wao waliwahi kukaa karibu miezi 3, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima bila umeme kutoka bara, baada ya njia yake ya chini ya bahari kuharibika. Kisiwa, ndugu zangu, kinaning'inia kwa nyuzi chache. Kabla ya kuhamia mahali kwa ajili ya kazi ya namna hii, ulizeni kwanza nyuzi hizo ni ngapi.

Mama huyo ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sikulisoma chuo kikuu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani hiyo mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yakipwa hutoka kwenda kufunga miche kwenye kamba, yakijaa hurudi. Hawafuati saa ya ofisi, hufuata mwezi. Mwani ukikaushwa huuzwa kwa kilo, husafirishwa ng'ambo, na huko hutolewa utomvu unaotiwa katika dawa ya meno na aiskrimu. Siku moja aliniuliza:

"Mwanangu, kwani kazi yako wewe hasa ni ipi? Usiku wakesha, mchana walala."

Nikamweleza kwamba nawafanyia kazi watu wa mbali, sijapata kuonana nao, na bei wamepanga wao.

Akasema, "Aa, basi sote wamoja. Na mimi namlimia mtu nisiyemjua, na bei kapanga yeye."

Nilicheka siku ile, lakini baadaye nikaona kwamba amesema kweli tupu. Tunaiita kazi ya kisasa, na yeye alikuwa akiifanya tangu mimi niko shule ya msingi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na shamba, nyumba na majirani wa kumzika. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa. Juni mwaka ule baba yangu, ambaye wengi wenu mlimfahamu, alinipigia simu. Afya yake ilikuwa imeanza kulegea, ingawa hakulisema hilo. Tukasalimiana, akauliza habari za bahari, kisha akasema:

"Hiyo kazi yako, ulisema inafanyika popote?"

Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Akanyamaza kidogo. "Basi mbona haifanyiki hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilisema habari za mtandao na umeme, naye akasema sawa, tukaagana. Usiku ule nilikaa mbele ya kompyuta na sikufanya kazi yo yote.

Ndugu zangu, sisi watu wa Njombe tunajua kuondoka. Babu yangu aliondoka hapa kwenda kukata mkonge Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na nyanda hizi zetu zilikuwa miongoni mwa sehemu lilikochota watu wake. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Babu aliacha mke na watoto, akarudi na blanketi, baiskeli na kikohozi. Hakuna aliyemlaumu. Mkonge ulikuwa Tanga, na mtu hawezi kukata mkonge wa Tanga akiwa Mahongole. Kazi ilimtaka aondoke, akaondoka.

Lakini mimi kazi yangu haikunitaka niondoke. Kwa mara ya kwanza katika ukoo wetu alipatikana mtu mwenye mshahara anayeweza kuuchuma akiwa nyumbani kwa baba yake, na mtu huyo akapanda boti akaenda kukaa mahali asipojulikana na mtu. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwishoni mwa Septemba nilifunga mizigo. Oktoba nikawa hapa Mahongole, katika chumba changu cha zamani. Nilinunua paneli ya jua na betri kwa ajili ya siku za kukatika umeme. Mtandao wa simu ulikuwa mzuri kuliko nilivyotazamia; ulipozidi kuwa dhaifu nilipanda bodaboda kwenda Makambako. Mkonga wa kwanza wa intaneti wa chini ya bahari ulifika nchini mwetu mwaka 2009 tu, na nilipokuwa Kidato cha Pili, simu ya karibu ilikuwa ya kungojea foleni mjini. Kwa hiyo nilipomaliza juma la kwanza bila kuchelewesha kazi, nilijiona mjinga. Sababu zote nilizompa Baba zilikuwa visingizio.

Shida niliyoipata ilikuwa nyingine. Watu walidhani nimefukuzwa kazi. Mtu mzima, msomi, yuko nyumbani siku za kazi, mchana anapalilia mahindi na jioni anajifungia ndani akizungumza Kiingereza peke yake! Mzee mmoja alikuja kunipa pole kwa siri, akanishauri nikamwombe msamaha mkubwa wangu. Tena kijijini kuna misiba, vikao na wageni, na hakuna anayekubali kwamba mtu aliyeketi kitini yuko kazini. Novemba, wenzetu wa Kanada waliporudisha saa zao nyuma, kazi yangu ikaanza saa 11 jioni na kwisha saa 7 usiku. Lakini kwa mpango huo asubuhi zote zilikuwa zangu, na asubuhi ndipo hospitali zinapofungua. Nilimpeleka Baba kila alipotakiwa kwenda. Jioni alikuja na kigoda chake akaketi karibu na mlango, akasikiliza. Aliniambia, "Sielewi neno, lakini naona wanakuheshimu."

Desemba mkataba ulikatishwa. Ilikuja barua ya mistari mitatu kwenye kompyuta: fedha za mradi zimepungua, asante, ni siku 14. Sikudhulumiwa, maana hivyo ndivyo nilivyotia sahihi. Baba alifariki Januari 2025. Februari nikarudi Dodoma kwenye meza yangu, ambako bado niko hadi leo. Lakini ile miezi minne niliipata, na babu yangu hakuipata kwa baba yake.

Vijana, yashikeni haya matatu.

La kwanza: kazi ya mbali humfikia mtu ambaye tayari ana ujuzi. Mimi nilikuwa nimeshika takwimu zaidi ya miaka 15 kabla ya hao wa Toronto kunitafuta. Kompyuta ni jembe tu. Mwenye jembe asiyejua kulima atachosha ardhi. Hisabati mnayoikimbia na Kiingereza mnachokiogopa ndivyo vilivyonilipa. Na Kiswahili chenu msikidharau, kwa sababu ndicho kilichofanya wanitafute mimi wakamwacha mwingine.

La pili: someni mkataba kabla ya kuutia sahihi. Nani analipa ukiugua? Unakatishwa kwa siku ngapi? Mwajiri wa mbali hatakuchangia mafao ya uzeeni, kwa hiyo jiandikishe mwenyewe NSSF kama mchangiaji wa hiari. Kodi nayo ni yako. Fedha iliyotoka ng'ambo ni mapato kama mengine, na dawati la kodi halitajali ulikuwa chini ya mnazi gani.

La tatu: kazi ikikuachia uchague mahali, chagua kwa akili. Sisemi msiende visiwani. Nendeni mkaone bahari. Nami nitarudi Jambiani kumsalimu yule mama. Lakini jiulizeni kwanza ni nani anayewangojea, na ana muda gani.

Mwisho, nina ombi kwa wenzangu wa zamani. Kila mwaka vijana wanamaliza Kidato cha Nne hapa na kukaa nyumbani miezi wakingoja matokeo, na mwenye nauli hukimbilia Dar es Salaam kama babu zetu walivyokimbilia Tanga. Napendekeza Chama chetu kitengeneze chumba kimoja hapa shuleni: meza, kompyuta chache, betri za jua, na intaneti ya kulipiwa kwa mwezi. Wajifunze kazi za kompyuta wakiwa kwao. Hakitawapa wote ajira, wala simwahidi mtu. Lakini mzazi akimwuliza mtoto wake swali aliloniuliza baba yangu, mtoto huyo awe na mahali pa kuonyesha kwa kidole. Paneli na betri nilizotumia ziko bado nyumbani. Leo nimezileta, ziko ndani ya gari, na Mkuu wa Shule akiniruhusu nitaziteremsha kabla ya chakula.