Dawa Zako na Saumu: Njoo Kabla Mwezi Haujaandama

(Mazungumzo ya mfamasia kwa vijana na familia zao, yaliyotolewa msikitini baada ya swala ya Isha, mwanzo wa Shaaban)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu vijana, mama zangu na baba zangu, nilipoombwa nizungumze juu ya kazi yetu ya dawa nilijiuliza, niseme nini? Kumeza tembe nani asiyejua? Kisha nikamkumbuka mzee mmoja.

Mzee huyu aliletwa hospitalini na mwanawe saa kumi na moja jioni, Ramadhan ina siku nne. Amelowa jasho, maneno yake hayaeleweki, na majirani walikwisha kusema ni jini. Tulipomtoboa kidole sukari ilikuwa 1.9. Alikuwa mgonjwa wa sukari wa miaka mingi, akitumia glibenklamaidi, tembe moja asubuhi na moja jioni. Ramadhan ilipoingia, ile ya asubuhi akaimeza wakati wa daku, kwa tende tatu na maji, akanuia, akafunga. Hakukiuka lolote aliloambiwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia lolote. Na nasema haya kwa aibu: karatasi yake ya dawa mwezi ule ilipita mkononi mwangu mimi. Nikamhesabia tembe zake, nikamtakia Ramadhan njema, nikamwita anayefuata.

Wengi hudhani kazi ya mfamasia ni kuyasoma yale maandishi ya daktari yasiyosomeka, na kuhesabu. La. Kazi yenyewe ni kuuliza: dawa hii ni nzuri, sawa, lakini je, inamfaa mtu huyu? Kwa umri wake, kwa figo zake, pamoja na dawa nyingine anazotumia, na kwa namna anavyoishi? Na Mwislamu, mwezi mmoja kila mwaka, huishi namna nyingine kabisa. Sisi huku karibu na ikweta hufunga kama saa 13 na zaidi kidogo, mwaka nenda mwaka rudi. Hatupati zile siku ndefu za kiangazi wanazozipata ndugu zetu wa Uingereza. Hata hivyo dawa iliyopangwa kwa milo mitatu inakuta milo miwili, na yote ni ya usiku.

Sasa turudi kwa mzee. Glibenklamaidi huliamsha kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Halafu hukaa mwilini muda mrefu, na kwa mzee, au mtu ambaye figo zake zimechoka, hukaa zaidi. Ndiyo maana tulimlaza siku mbili. Mtu kama huyo ukimpa sukari anaamka, anakusalimu, unadhani mambo yamekwisha, baada ya saa chache inashuka tena. Na alipopimwa figo, kweli zilikuwa zimepungua nguvu. Dawa iliyomfaa akiwa na miaka 50 haikuwa ikimfaa tena, saumu au hakuna saumu. Ramadhan ilifichua tu.

Jirani yake anayetumia metformini peke yake hana hatari kama ile, kwa sababu metformini haimlazimishi kongosho kutoa insulini. Yeye huenda akahitaji tu kupangiwa saa, mara moja kwa futari na mara moja kwa daku, ikiwa figo zake ni nzuri. Kwa hiyo wote wawili ni "watu wa sukari", wanakaa safu moja msikitini, lakini ushauri wa mmoja ukimpa mwingine unaweza kumwangusha. Tafadhalini, msiazimane dawa, wala msiazimane maagizo ya dawa.

Tunafanya nini basi kwa mtu wa dawa kama ile ya mzee? Mara nyingi daktari huibadilisha kabla ya Ramadhan, ampe kwa mfano gliklazaidi, ambayo ni ya ukoo uleule lakini ni pole zaidi. Kipimo cha wakati wa futari ndicho kinachobaki kikubwa, kile cha daku kinapunguzwa. Anayejidunga insulini naye hupunguziwa na kupangiwa upya, na hili halifanywi kwa kukisia nyumbani. Si maneno ya kutishana haya. Utafiti mkubwa ulioitwa EPIDIAR ulifuatilia Waislamu wenye kisukari zaidi ya 12,000 katika nchi 13 wakati wa Ramadhan ya mwaka 2001. Kwa wale wa kisukari cha ukubwani, kushuka vibaya kwa sukari kuliongezeka kama mara saba na nusu kuliko miezi mingine.

Kijana, hili nalisema nawe hasa, kwa sababu mara nyingi ni wewe uliye nyumbani saa ya alasiri. Ukimwona baba au nyanya anatetemeka, anatoka jasho la baridi, amekuwa mkali ghafla au anaongea ovyo, mpime kidoleni. Kutoboa kidole hakuvunji saumu. Ikiwa chini ya 3.9, saumu ile inavunjwa hapo hapo, kwa maji ya sukari au juisi, hata kama imebaki nusu saa adhana iadhiniwe. Nusu saa ile ndiyo watu huipotezea. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Na ikipanda zaidi ya 16.6 pia anafungua. Mwenyezi Mungu ametoa ruhusa kwa mgonjwa katika Suratul Baqarah, aya ya 184 na ya 185. Sijui kwa nini baadhi yetu huona haya kuipokea.

Upande wa presha mambo ni mepesi kidogo. Dawa nyingi za siku hizi ni za mara moja kwa siku, kwa hiyo unahamia usiku, basi. Mwangalie tu yule anayetumia dawa ya kukojosha. Akiimeza wakati wa daku, asubuhi yote anakwenda chooni na maji ya kurudisha hana. Kufika adhuhuri kichwa kinazunguka. Muulize daktari kama yaweza kuhamishwa ije baada ya futari, au ipunguzwe.

Kuna jambo jingine tunaloliona sana kwenye kemisti. Mtu amepewa amoksilini, mara tatu kwa siku. Mara tatu maana yake ni kila saa nane, si vidonge vitatu. Yeye anameza kimoja kwa futari, kimoja baada ya tarawehe, kimoja kwa daku, kisha mchana kutwa vijidudu vinapumua. Wakati mwingine tunampigia simu daktari tumuulize kama kuna dawa ya mara moja kwa siku itakayofaa, azithromaisini kwa mfano. Lakini hapo ni kijidudu kinachoamua, si ratiba yetu. Kama dawa inayoua kijidudu hicho ni ile ya kila saa nane tu, basi huyo ni mgonjwa, na siku zake atazilipa akipona.

Mtaniuliza kuhusu matone ya macho na sindano. Mwaka 1997 wanazuoni na madaktari walikutana Moroko wakalizungumza suala hili. Waliona kwamba matone ya macho, sindano za matibabu zisizo za kulisha mwili, na ile tembe ya moyo inayowekwa chini ya ulimi bila kumeza kinachoshuka, havivunji saumu. Pampu ya pumu maulamaa wamehitilafiana, muulize shekhe wako. Lakini kifua kikibana, vuta kwanza, uliza baadaye.

Basi njoo mapema, wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhan, yaani tangu Rajab. Leo ni Shaaban, bado kuna nafasi. Na wewe unayesoma haya umekwisha kufunga, njoo kesho. Lete kila kitu unachotumia, hata habbat soda na zile dawa za mitishamba za chupa, maana nyingine huteremsha sukari na daktari hana habari. Usiache wala kupunguza dawa kwa rai yako.

Yule mzee alipona. Mwaka uliofuata alikuja Rajab na kikapu kizima cha dawa, nyingine zimeisha muda, tukakaa naye karibu saa nzima. Daktari akambadilishia. Alifunga, na siku mbili sukari iliposhuka akafungua alasiri, bila kugombana na mtu. Siku zile mbili alizilipa kabla Shawwal haijaisha.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.