MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Hotuba juu ya habari za hoteli na wageni katika mji wa Nachingwea



Nimetakiwa niseme habari za hoteli katika mji mdogo. Huenda mtu akauliza: hoteli ina historia gani? Si vitanda, chai na daftari la wageni tu? Lakini mimi nasema daftari hilo ni kitabu cha historia. Ukijua nani alilala, alifuata nini, na fedha aliyolipa ilikwenda wapi, umekwisha kujua mji ulijengwa kwa ajili ya nani.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mzungu akisema hoteli, hukusudia mahali pa kulala. Sisi tukisema hoteli, mara nyingi twakusudia benchi, meza, chai, maandazi, wali na maharage. Na pa kulala twapaita gesti. Katika miji ya ukoloni hoteli ya vitanda na shuka nyeupe haikuwekwa kwa ajili yetu. Mwafrika msafiri alilala kwa ndugu yake, au kwa mtu wa kwao, au barazani. Hoteli aliyoijua ni ile ya chai.

Sasa tuitazame Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel wa United Africa Company alitoa shauri la kulima karanga Afrika ya Mashariki, na ujumbe wa Bwana John Wakefield ukaletwa kutazama ardhi. Wakapanga kulima ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Zaidi ya nusu ya ekari hizo zilikusudiwa kulimwa huku kwetu, Jimbo la Kusini.

Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, na Nachingwea ikafanywa makao ya mpango katika Kusini. Mwaka 1948 mambo yote yakashikwa na shirika la Serikali ya Uingereza, Overseas Food Corporation. Yakaja matingatinga, mengine yaliyoundwa kwa vifaru vya vita. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, mpaka hapa. Wakaja mafundi, makarani, madereva na vibarua. Mji ukaota kama uyoga baada ya mvua.

Watu hao wote walilala wapi? Walilala kwa rangi na kwa daraja. Mzungu alikuwa na upande wake na klabu yake. Mhindi alikuwa na upande wake. Mwafrika, ambaye ndiye aliyeng'oa visiki, alikuwa na kambi. Mji mzima ulikuwa kama hoteli moja kubwa ya shirika, na mwenyeji aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa amebeba sinia.

Ndugu zangu, hoteli hiyo haikudumu. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua hazikufuata hesabu za London, mashine zikavunjika. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kuwa hasara. Gati la maji marefu la Mtwara lilifunguliwa mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya mpango uliolitaka kufa! Reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

Fikirini habari ya mwenye nyumba ya wageni katika mji kama huo. Nyumba haina miguu. Mteja akipanda gari kwenda zake, nyumba hubaki pale pale na vitanda vyake. Mji uliojengwa kwa ajili ya mgeni mmoja, mgeni huyo akiondoka, umekwisha.

Lakini Nachingwea haikufa, kwa sababu wenyeji walibaki, wakalima korosho, ufuta, mihogo na mtama. Tena kutoka mwaka 1965 ilipokea wageni wa namna nyingine, wapigania uhuru wa FRELIMO, waliofanya kambi yao ya mafunzo katika shamba la zamani la karanga, Farm 17. Samora Machel aliwafunza wapiganaji hapo. Wageni hawa hawakuja kuchukua mali yetu, walikuja kutafuta njia ya kurudi kwao. Tarehe 25 Juni, 1975 Msumbiji ikawa huru. Shamba lililoshindwa kutoa karanga likatoa taifa.

Kwa nini nayakumbusha haya leo? Kwa sababu wageni wanakuja tena. Ruangwa imekuwa wilaya yake yenyewe tangu 1995. Wanakuja wanunuzi wa korosho na ufuta. Tangu Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, wanakuja washabiki wa mpira. Wanakuja pia wataalamu wa madini ya kinywe, na hao ndio wanaofanana zaidi na wale wa karanga, maana wamekuja na hesabu kubwa na mashine kubwa.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na tujiulize, mwenyeji atapona vipi? Kuku na mchele wa hoteli zetu utoke kwa mkulima wa hapa, usiletwe na lori kutoka mbali. Vijana wetu wafundishwe kuandika hesabu na kuendesha nyumba, wasiishie kufua shuka. Wenye korosho waweke fedha pamoja, kwa ushirika, wajenge gesti iliyo yao. Wala tusimtegemee mteja mmoja, hata akiwa tajiri namna gani.

Na jambo la mwisho. Wazee walioiona reli hiyo wakiwa watu wazima wamebaki wachache mno. Kila kijana hapa achukue daftari, awaulize wapi watu walikula, wapi walilala, nani alilipwa na nani hakulipwa. Mji usiojua habari za wageni wake wa jana utapangishwa tena kesho kwa bei ile ile.